Uzi: Djokovic na Grand Slam ya 25. Tatizo ni mechi ya 6 na ya 7, si mkono

#1 Capri_Jioni

Wakuu, mwangaluka. Mjadala wa Novak Djokovic, mcheza tenisi wa Serbia, umetawanyika kwenye nyuzi za mpira wa miguu, na kila mara unaishia kwenye "kazeeka huyo" dhidi ya "bado yumo". Naomba huu uwe uzi wa hesabu. Takwimu zangu zinaishia mwisho wa msimu wa 2025.

Kazaliwa Belgrade, 22 Mei 1987. Ana mataji 24 ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa ya tenisi: Australian Open (Melbourne) 10, Wimbledon (London) 7, US Open (New York) 4, Roland Garros (Paris) 3. Ya 24 aliichukua New York Septemba 2023 kwa kumfunga Daniil Medvedev seti 3 kwa 0. Wanaosema uzee ulimwanza zamani wajue kwamba 12 kati ya hizo 24, nusu kamili, amezipata baada ya kutimiza miaka 30. Miaka peke yake haikuwahi kumzuia. Mlango umefungwa baada ya hapo: Grand Slam zote 8 za 2024 na 2025 wamegawana watu wawili, Jannik Sinner 4 na Carlos Alcaraz 4.

Sasa tuuangalie mwaka 2025. Alifika nusu fainali zote nne, na hakuna mwanaume wa umri wake aliyewahi kufanya hivyo ndani ya msimu mmoja. Lakini tazameni yaliyotokea humo. Melbourne alipoteza seti ya kwanza kwa taibreki (gemu la kuamua seti ikifika 6-6) mbele ya Alexander Zverev, akajitoa kwa sababu msuli wa mguu wa kushoto ulikuwa umechanika. Paris, Sinner 6-4, 7-5, 7-6. London, Sinner tena, 6-3, 6-3, 6-4. New York, Alcaraz 6-4, 7-6, 6-2.

Jumlisheni: nusu fainali nne, seti 10 amepoteza, hajapata hata moja. Mtu huyohuyo ndiye aliyewatoa wote waliomtangulia kwenye njia hiyo. Hoja yangu ni kwamba mkono wake haujashuka kiasi cha kumnyima taji. Kilichoshuka ni uwezo wa mwili kujirudisha kati ya mechi ya 5 na ya 6, halafu kati ya ya 6 na ya 7. Mwenye hesabu tofauti aziweke hapa.

#2 Dada_wa_Ilemela

Kaka Capri, nakuunga mkono ila umeruka droo (upangaji wa nani akutane na nani), na droo ndiyo nusu ya kesi.

Grand Slam ina wachezaji 128, mechi 7. Aliyepangwa namba 1 anawekwa juu kabisa na namba 2 chini kabisa. Namba 3 na 4 wanapangwa kwa bahati nasibu, mmoja huku na mmoja kule. Namba 5 hadi 8 wanagawanywa kwenye robo nne. Maana yake ukiwa namba 5 hadi 8 unaweza kukutana na mmoja wa wanne wa juu mapema, kwenye robo fainali. Ukiwa namba 3 au 4, wa kwanza kukutana naye kati ya wakubwa wawili ni nusu fainali.

2025 yote Djokovic alikuwa ukanda wa 5 hadi 8. Melbourne alipangwa namba 7, robo fainali akampata Alcaraz (3). Alimshinda kwa seti 3 kwa 1, lakini mguu uliumia kwenye mechi ileile. Paris namba 6, robo akampata Zverev (3). London namba 6. New York namba 7, robo akampata Taylor Fritz (4). Mlima wake ulianzia mechi ya 5 kabla hata hajawaona Sinner na Alcaraz.

Kwa nini hakuwa juu zaidi? Viwango vya ATP (chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume) vinahesabu pointi za wiki 52. Bingwa wa Grand Slam anapata 2000, wa pili 1300, nusu fainali 800, robo 400. Djokovic alimaliza mwaka akiwa namba 4 kwa pointi 4,830. Nusu fainali nne ni 3,200. Zinazobaki 1,630 zilitoka hasa fainali ya Miami (650), nusu fainali ya Shanghai (400), na mataji mawili ya Geneva na Athens (250 kila moja). Theluthi mbili ya pointi za mwaka zimetoka kwenye mashindano manne tu. Sinner na Alcaraz wote walivuka 11,000.

Kwa hiyo kupanda hadi namba 2 tusahau. Namba 3 au 4 inawezekana, na faida yake ni moja tu: robo fainali nyepesi.

#3 Mwaloni_Asubuhi

Dada, sasa si acheze mashindano mengi zaidi apandishe pointi? Masters (mashindano yanayofuata Grand Slam kwa ukubwa) ziko tisa kwa mwaka.

#4 Dada_wa_Ilemela

Hapo ndipo shida ilipo, ndugu yangu. Kila Masters anayoongeza inakata kwenye mguu uleule unaotakiwa wiki ya pili ya Grand Slam.

Kuna kanuni ambayo wengi hawaijui. Masters nyingi ni za lazima, ila mchezaji mwenye mechi 600, miaka 12 kwenye ziara na umri wa miaka 31 anasamehewa. Djokovic ana vyote vitatu. Akiruka shindano anatumia haki yake, hajakwepa wala hajasusa.

#5 Jiwe_la_Bismarck

Naomba kutofautiana na mleta uzi. Mnaizungumzia 25 kana kwamba rekodi ni hiyo moja. Zipo nyingine, na kila moja ina njia yake.

Mataji ya jumla hadi mwisho wa 2025: Jimmy Connors 109, Roger Federer 103, Djokovic 101. La 100 alilipata Geneva Mei 2025 kwa kumshinda Hubert Hurkacz, akawa wa kwanza katika zama za wazi (tangu 1968, wachezaji wa kulipwa waliporuhusiwa) kushinda taji katika miaka 20 tofauti (la kwanza ni Amersfoort, 2006). La 101 ni Athens Novemba 2025, fainali dhidi ya Lorenzo Musetti, 4-6, 6-3, 7-5. Kumfikia Federer ni mawili tu. Kumfikia Connors ni manane, na kwa mwendo wa mawili kwa mwaka hiyo ni miaka minne. Sioni.

Mechi alizoshinda: Connors 1,274, Federer 1,251. Djokovic alikuwa takriban 1,160 mwisho wa 2025. Kwa 2025 alishinda karibu 40. Federer yuko miaka miwili na ushee mbele yake, Connors karibu mitatu. Hiyo ni subira zaidi kuliko ubingwa.

Umri: Ken Rosewall alishinda Australian Open 1972 akiwa na miaka 37 na miezi miwili, na ndiye bingwa mkubwa kuliko wote wa Grand Slam kwa wanaume tangu 1968. Djokovic alimaliza 2025 akiwa na 38. Akichukua yoyote, ya 25 na ya Rosewall zinakuja kwa mkupuo mmoja.

Wiki akiwa namba 1 duniani, 428, ameshazifunga kabatini. Hadi mwisho wa 2025 alikuwa na nusu fainali za Grand Slam 53, fainali 37. Hizo hakuna anayezigusa kwa sasa.

#6 Capri_Jioni

Mkuu Bismarck, umeniwekea jambo zuri. Ila Rosewall huyohuyo anaithibitisha hoja yangu. 1974 akiwa na miaka 39 alifika fainali ya Wimbledon na ya US Open. Zote alimkuta Connors, kijana wa miaka 21 na 22. Wimbledon 6-1, 6-1, 6-4. New York 6-1, 6-0, 6-1. Mechi sita za kwanza alizipita, ya saba ikamkuta tupu.

#7 Dada_wa_Ilemela

Na upande wa wanawake msimsahau Serena Williams. Alichukua ya 23 Melbourne Januari 2017, miaka 35, akiwa mjamzito. Aliporudi baada ya kujifungua alifika fainali nne: Wimbledon 2018 na 2019, US Open 2018 na 2019. Hakupata seti hata moja katika hizo nne isipokuwa ile ya 2018 dhidi ya Naomi Osaka? La, hata hiyo ilikuwa 6-2, 6-4. Kerber, Osaka, Halep, Andreescu: seti 8, zote zimekwenda. Ni picha ileile ya Djokovic 2025, na yeye alikuwa akicheza seti 3 bora (anayetangulia kupata mbili anashinda), si 5 kama wanaume. Kwa hiyo urefu wa mechi si maelezo yote. Mchezaji mkongwe akiingia mechi ya mwisho, wa upande wa pili ndiye mwenye miguu mipya.

Kuhusu Margaret Court, mwanamke wa Australia mwenye Grand Slam 24 kama Djokovic: 13 ni za kabla ya zama za wazi, yaani kabla wachezaji wa kulipwa hawajaruhusiwa mwaka 1968, na 11 ni za baada. Siidharau rekodi yake. Ila anayetaka kuzilinganisha aijue hiyo mistari.

#8 Nyavu_Nyegezi

Wakuu, nimefuatilia kimya, ngoja niweke upande wa mwili maana mnauzunguka.

Kinachopotea kwanza baada ya miaka 35 ni nyuzi za misuli zenye kasi, zile za hatua ya kwanza na za kusimama ghafla. Pumzi inakaa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana mzee anaweza kucheza saa nne na bado akaonekana hana shida ya pumzi, lakini mpira mfupi wa upande wa mkono wa mbele haufikii kwa nusu hatua. Nusu hatua hiyo kwa Alcaraz ni pointi.

Cha pili ni muda wa kujirudisha. Mechi ngumu ya seti tano inachana nyuzi ndogondogo za misuli, na maumivu yake hufika kilele kati ya saa 24 na 72 baadaye. Grand Slam inakupa siku moja ya mapumziko. Unarudi uwanjani palepale kwenye kilele.

Mfano wa wazi ni Roland Garros 2024. Mechi dhidi ya Musetti iliisha saa 9 na dakika 7 usiku kwa saa za Paris. Baada ya hapo Francisco Cerundolo, seti tano, saa 4 na dakika 39, na humo gegedu la goti la kulia likachanika. Akajitoa robo fainali, akafanyiwa upasuaji 5 Juni. Wiki tano na ushee baadaye alikuwa fainali ya Wimbledon, Alcaraz akamfunga 6-2, 6-2, 7-6. Kurudi haraka vile ni ajabu ya kitabibu, lakini fainali ilikuwa kama imeshaamuliwa kabla ya seti ya tatu.

Sasa, anajilindaje? Kwa kufupisha pointi. Pointi nyingi za wanaume, karibu 7 kati ya 10, zinaisha ndani ya mapigo manne ukihesabu na servisi (pigo la kuanzisha pointi). Kwa hiyo servisi na pigo linalofuata ndiyo bima ya mkongwe. Baada ya upasuaji wa kiwiko 2018 alibadili mwendo wa servisi, na alipokuwa na Goran Ivanisevic (2019 hadi Machi 2024) ikawa silaha kweli. Djokovic wa 2011 alikuwa akishinda kwa kurudisha servisi za wenzake. Huyu wa sasa anategemea za kwake.

Mahali anapokwama ni hapa: Sinner anarudisha servisi kwa kina, karibu na mstari wa nyuma, kwa hiyo pigo la pili la Djokovic linapigwa akiwa anarudi nyuma. Pointi inarefuka kwa lazima. Nusu fainali ya Melbourne 2024 Djokovic hakupata nafasi hata moja ya kuvunja servisi ya Sinner (kushinda gemu ambalo Sinner ndiye anayeanzisha) mechi nzima. Kwa mrudishaji bora wa zama hizi, hilo lilikuwa halijawahi kumtokea kwenye mechi iliyokamilika ya Grand Slam.

#9 Mwaloni_Asubuhi

Mwalimu Nyavu, shukrani sana. Kwa sisi wa viwanja vya saruji huku kanda ya ziwa, wenye miaka 40 na zaidi, kipi kinachukulika kutoka kwake? Sisemi kushinda chochote, ni kucheza Jumamosi na Jumapili bila kuchechemea Jumatatu.

#10 Nyavu_Nyegezi

Swali zuri, nitalijibu kwa urefu.

Kwanza, kile cha kutoiga: kuteleza kwenye saruji. Djokovic anateleza kwenye uwanja mgumu kwa sababu ya viungo alivyovinyoosha tangu utotoni. Uwanja wa saruji wa kwetu una vumbi sehemu moja na umesuguka sehemu nyingine. Kiatu kikiteleza sentimita 30 halafu kikakamata, mzigo wote unakwenda kwenye msuli wa ndani ya paja na wa nyuma ya paja. Fagia uwanja kabla ya kuanza, hasa nyuma ya mstari wa mwisho, na piga hatua fupifupi kusimama.

Pili, msuli wa nyuma ya paja. Zoezi ni hili: piga magoti kwenye mkeka, mwenzako ashike vifundo vya miguu. Mwili uwe mstari mmoja toka magotini hadi kichwani. Shuka mbele polepole, sekunde 3 hadi 5, ukizuia kwa msuli wa nyuma. Ukishindwa, pokea kwa mikono, jisukume urudi. Wiki mbili za kwanza seti 2 za mara 3 hadi 5, siku mbili kwa wiki. Baada ya hapo ongeza taratibu hadi seti 3 za mara 8. Kosa la kwanza ni kukunja kiuno, hapo msuli haufanyi kazi. Kosa la pili ni kulifanya Ijumaa. Lifanye Jumatatu na Jumatano, la sivyo Jumamosi utaingia uwanjani na maumivu yaliyo kileleni.

Tatu, kano ya kisigino. Simama kwenye ngazi kwa vidole, panda kwa miguu miwili, shuka kwa mmoja hadi kisigino kipite chini ya ngazi. Seti 3 za mara 15 goti likiwa limenyooka, na 3 nyingine likiwa limekunjwa kidogo. Wenye maumivu ya muda mrefu hupewa mara mbili kwa siku kwa wiki 12, na wengi huacha wiki ya nne kwa sababu hawajaona nafuu. Nafuu yenyewe huchelewa.

Nne, nyuzi za raketi. Djokovic anachanganya: utumbo wa asili kwenye nyuzi za wima, poliesta kwenye za mlalo. Utumbo ni ghali na unaharibika kwa unyevu, na sisi tuko ufukweni. Chukua nyuzi laini za sintetiki, ukaze kilo 22 hadi 24 badala ya 26. Poliesta tupu kwa kiwiko cha miaka 45 sikushauri kabisa. Ikishapoteza mnyumbuliko, mtikisiko wote unaupokea wewe, na huoni dalili kwa sababu haikatiki.

Tano, maji na chakula. Jipime uzito kabla na baada. Kila kilo iliyopotea irudishwe kwa lita 1.5 ndani ya saa chache. Ukinywa maji matupu mengi bila chumvi, misuli inaweza kukaza. Lita moja ya maji, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, vinatosha. Baada ya mechi mwili unataka wanga takriban gramu 1 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa ya kwanza, pamoja na protini. Sato aliyeiva gramu 150 anakupa protini kama gramu 35 hadi 40. Wanga tunao: viazi vitamu, ugali, na matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) yanafaa sana kubebwa uwanjani kwa sababu maji yametoka, wanga umebaki.

#11 Bukoba_Ufukweni

Mwalimu, kwenye mipira je? Kuna wanaosema kwa kuwa ziwa liko juu sana, tununue mipira maalumu ya mwinuko.

#12 Nyavu_Nyegezi

Hapana, ndugu. Mipira ya mwinuko imewekwa kwa maeneo yaliyo juu ya mita 1,219 kutoka usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134, kwa hiyo viwanja vya ufukweni vinatumia ya kawaida. Inaruka kidogo zaidi kuliko Dar es Salaam, ndiyo, lakini dawa yake ni kukaza nyuzi nusu kilo hadi kilo moja, kwa kiwiko kizima.

Kujua mpira umekufa: uangushe kutoka sentimita 254 kwenye saruji. Mpya unarudi kati ya sentimita 135 na 147. Chini ya hapo upeleke kwa watoto wa mazoezi. Mpira uliokufa unamfanya mkongwe apige kwa nguvu zaidi, na bega linalipa.

#13 Jiwe_la_Bismarck

Turudi kwa Djokovic. Mwalimu, kwa hesabu zako uwanja upi unampa nafasi kubwa zaidi?

#14 Nyavu_Nyegezi

Wimbledon kwanza. Nyasi zinafupisha pointi na servisi yake inalipa. Hatari ni kuteleza: 2025 alianguka kwenye gemu la mwisho dhidi ya Flavio Cobolli robo fainali, na siku mbili baadaye Sinner akamkuta hayuko kamili. Pili Melbourne, kwa sababu ni mwanzo wa msimu, mwili umepumzika. Paris ni ya mwisho kwangu: udongo mwekundu unarefusha kila pointi.

#15 Capri_Jioni

Na mimi ningeweka Melbourne ya kwanza kwa sababu hiyohiyo ya mapumziko. Federer 2016 alikaa nje miezi sita kwa ajili ya goti, akarudi Melbourne 2017 akiwa namba 17, akashinda ya 18. Akaruka msimu mzima wa udongo, akaichukua Wimbledon bila kupoteza seti. Ratiba fupi inafanya kazi. Tofauti ni kwamba alikuwa na miaka 35, na Djokovic mwenyewe alisema baada ya nusu fainali ya New York 2025 kwamba dhidi ya hawa wawili nafasi yake ni kubwa zaidi kwenye seti 3 bora kuliko 5. Grand Slam haitabadilisha hilo kwa ajili yake.

#16 Mwaloni_Asubuhi

Dada Ilemela, naomba saa za kwetu. Nataka kuongea na mwenye kibanda umiza mapema, maana kila akisikia tenisi anawaza kupoteza wateja wa ligi.

#17 Dada_wa_Ilemela

Mwambie hapotezi. Fainali za wanaume kwa saa zetu:

Melbourne, Jumapili saa 5:30 asubuhi. Ligi ya Uingereza inaanza jioni, hazigongani.
Paris, Jumapili saa 10 jioni, mwezi Juni. Ligi zimeshaisha.
Wimbledon, tangu 2025 wamesogeza hadi saa 12 jioni, Julai. Hakuna ligi.
New York, saa 3 usiku, Jumapili ya mwanzo wa Septemba. Hadi 2025 mara nyingi iliangukia wiki ya timu za taifa.

Yenye shida ni mechi za usiku za New York, ambazo kwetu zinaanza saa 8 usiku. Na za mchana Melbourne zinaanza saa 9 usiku. Djokovic kwa kawaida hupangiwa usiku wa Melbourne, yaani saa 5 asubuhi kwetu. Nusu fainali ni Ijumaa, kwa hiyo mwenye kibanda amwandalie king'amuzi chenye chaneli hiyo kuanzia Alhamisi, asisubiri Jumapili kununua kifurushi.